Ceska, Tokarev, Makarov ama Browning? Bastola za Kitambo Unazosikia Kwa News, na Ile Tumeipa Namba Moja

Kila wiki lazima uisikie. Leo sanse wamenasa msee na "bastola aina ya Ceska". Kesho ni Browning. Ukishuka upande wa Garissa, Wajir na Mandera, karibu na mpaka wa Somalia, majina yanabadilika, unaanza kusikia Tokarev na Makarov. Wengi wetu hayo majina yanatupita tu, ni kama listi ya mabeki wa timu fulani ya Ulaya Mashariki.

Lakini kila moja iko na stori yake, na stori kadhaa zinapita hapa kwetu, North Eastern. Kwa hivyo tumechukua bastola tano za kitambo, tukaziweka kando kwa kando: imetoka wapi, inabeba njugu ngapi, uzuri wake ni nini, ubaya wake ni nini. Mwishoni tunachagua moja. Na hatuchagui kwa kuangalia gani inatoboa zaidi. Ngoja utaona.

Kwanza tuelewane maneno

Rivolva ni ile ya sinema za macowboy, iko na ngoma inayozunguka na mara nyingi inabeba risasi sita. Hiyo leo tunaiacha. Tunaongelea semi-otomatiki.

Kwa semi-otomatiki, risasi zinapangwa ndani ya magazini, kale kakasha kanaingia kwenye mpini. Ukivuta triga mara moja inatoka risasi moja. Nguvu ya ule mlipuko inasukuma slaidi, kile chuma cha juu, inarudi nyuma. Ganda linarushwa nje, nyundo inainuka. Slaidi ikirudi mbele inabeba risasi nyingine kutoka kwa magazini na kuisukuma hadi kwa chemba, yaani kale kachumba nyuma ya mtutu. Hapo bastola iko tayari tena.

Shika hilo neno chemba. Hii stori yote itarudi hapo.

Zilifikaje huku kwetu?

Watu hudhani silaha zilianza kuingia North Eastern juzi. Zii. Mwaka wa 1940 huku kulikuwa uwanja wa vita vya wazungu. Italia ilikuwa imeshika Somalia na Ethiopia, Waingereza wako Kenya, na mpaka ndio huu wetu. Tarehe 16 Desemba 1940, wanajeshi kutoka Afrika Kusini na Gold Coast, ile tunaita Ghana leo, waliwavamia Waitaliano pale El Wak, Mandera. Miezi miwili baadaye majeshi ya Uingereza yalitoka upande wa Garissa na mto Tana, yakaingia Kismayu tarehe 14 Februari 1941 na Mogadishu tarehe 25. Afisa wa Italia kiunoni alikuwa na Beretta.

Halafu Somalia ikapata uhuru 1960 na baadaye ikawa beshte wa Urusi. Silaha za Kirusi zikajaa huko hadi 1977, wakati Siad Barre aliwafukuza Warusi kwa sababu ya vita vya Ogaden. Warusi wakahamia upande wa Ethiopia, nao wakapewa silaha zile zile. Mwaka wa 1991 serikali zote mbili zilianguka, ya Barre Januari na ya Mengistu Mei. Maghala yakafunguliwa. Bunduki kubwa ndiyo ilikuwa AK, lakini bastola nazo zikatembea, juu bastola inaingia chini ya shuka na hakuna mtu anajua.

Hizo za polisi na jeshi la Kenya zilikuja na njia nyingine, ya Waingereza na biashara ya kawaida ya serikali. Ndiyo maana kwa mtaa mmoja unaweza kusikia jina la Kirusi na jina la Kibelgiji kwa taarifa moja ya habari.

Sasa tuingie kwa listi, kuanzia ile ya kitambo zaidi.

5. Tokarev TT-33

Nchi: Urusi. Mwaka: 1930, ikarekebishwa 1933. Risasi: 8 za milimita 7.62. Uzito: gramu 850 hivi.

Iliundwa na Fedor Tokarev kwenye kiwanda cha Tula. Ni nyembamba, iko flat, na risasi yake ni ndogo lakini inaenda mbio sana. China iliinakili ikaiita Type 54, na nchi nyingine kibao zikafanya vivyo hivyo. Ndiyo maana unaikuta kila mahali kuna vita vya kitambo.

Uzuri wake ni kwamba haina mambo mingi. Vumbi, joto, msee asiyejua kuisafisha, yote inavumilia.

Ubaya wake ni mkubwa. Haina sefti. Ile swichi ya kufunga bastola isifyatuke, Tokarev haikupewa. Kilichoko ni nyundo kushikwa nusu njia, na hiyo ikizeeka na kulika haiaminiki. Njia salama ya kuibeba ni kuacha chemba tupu. Sasa fikiria kitu ya aina hiyo imezeeka miaka sitini, imepita mikono ishirini, halafu iko chini ya godoro kwa keja ya mtu. Hapana, hii tunaiweka mwisho.

4. Beretta 1934

Nchi: Italia. Mwaka: 1934. Risasi: 7 za milimita 9 fupi. Uzito: gramu 660.

Hii ndiyo ile ya maafisa wa Mussolini. Kampuni ya Beretta inatengeneza silaha tangu 1526, kwa hivyo kazi wanaijua. Ni ndogo, imekaa vizuri, na sehemu zake ni chache. Kitu kinachofurahisha wanaopenda historia ni alama zake. Kando ya mwaka wa kawaida kuna mwaka wa kifashisti kwa namba za Kirumi. Ya 1937 inaandikwa XV, yaani mwaka wa 15 tangu Mussolini ashike serikali. Chuma kidogo tu, lakini kinakuambia kilitumwa na nani.

Sefti iko, lakini imepangwa vibaya. Lazima uzungushe kisu chake nusu duara nzima kutoka mbele hadi nyuma. Halafu inafunga triga peke yake, nyundo inabaki vile ilivyo. Na risasi yake haina nguvu ukilinganisha na hizi zingine. Ni kitu ya makumbusho, na huko ndiko inafaa kukaa.

3. CZ 75, ile mnaita "Ceska"

Nchi: Czechoslovakia, sasa Jamhuri ya Cheki. Mwaka: 1975. Risasi: 15 za milimita 9. Uzito: karibu kilo moja.

Hapa kuna kitu wengi hawajui. "Ceska" si jina la bastola. Ni kampuni, Česká zbrojovka, na maana yake ni kiwanda cha silaha cha Cheki. Wanatengeneza bastola aina nyingi. Kwa hivyo ripota akisema "bastola aina ya Ceska", ni kama kusema gari lilikuwa Toyota. Sawa buda, lakini ni Probox ama ni Land Cruiser?

Maarufu zaidi ni hii CZ 75, kazi ya ndugu wawili, František na Josef Koucký. Slaidi yake inateleza ndani ya fremu, si nje kama nyingi, na hiyo inaifanya itulie mkononi ikipiga. Mpini wake unasifiwa na karibu kila mtu aliyeushika. Iliundwa iuzwe nje, kwa sababu risasi yake ilikuwa ya nchi za Magharibi na jeshi la nyumbani lilikuwa linatumia za Kirusi. Nchi nyingi zimeinakili. Hata Jericho ya Israeli, jina lingine unalisikia sana kwa habari za polisi wa Kenya, ilitoka kwa huu mchoro mwaka wa 1990.

Shida? Ile ya kwanza kabisa, ukitaka kushusha nyundo na risasi iko chemba, lazima uishushe na kidole gumba huku ukivuta triga. Kidole kikiteleza kwa jasho la Garissa, imelia. Kama kazi ya fundi, hii labda ndiyo bora kwa listi yote. Lakini hatujaipa namba moja.

2. Makarov PM

Nchi: Urusi. Mwaka: 1951. Risasi: 8 za milimita 9 za aina yake. Uzito: gramu 730.

Warusi waliona makosa ya Tokarev, wakamwita Nikolai Makarov. Yeye akawapa sefti ya ukweli. Ukiipandisha, nyundo inashuka yenyewe polepole bila kugonga risasi, na slaidi inafungwa. Triga nayo, kwa risasi ya kwanza, ni ndefu na nzito, kwa sababu inainua nyundo kwanza ndipo iiachilie. Hiyo ina maana haifyatuki kwa kuguswa tu.

Risasi yake inaitwa milimita 9 lakini ni nene kidogo na fupi kuliko ile ya 9 ya polisi wetu, kwa hivyo haziingiliani. Magazini inatolewa kwa kusukuma kishikio chini ya mpini, na hapo ni polepole. Lakini kwa usalama, kutoka Tokarev hadi Makarov ni kama kutoka pikipiki bila breki hadi gari lenye mkanda. Imekosa kitu kimoja tu kuchukua taji.

1. Browning Hi-Power

Nchi: Ubelgiji. Mwaka: 1935. Risasi: 13 za milimita 9. Uzito: karibu kilo moja.

John Moses Browning alikuwa Mmarekani wa Utah, na alifariki 1926 akiwa kazini kwa kiwanda cha FN, Ubelgiji. Hakuimaliza hii. Dieudonné Saive, Mbelgiji, ndiye aliyeikamilisha. Wakati wenzake wote walikuwa wanabeba risasi saba ama nane, hii ilipanga 13 kwa safu mbili, kitu ambacho leo karibu kila bastola inafanya. Na ukiangalia vizuri, Tokarev na CZ 75 zote zinafungia mtutu kwa mawazo ya huyo mzee. Kwa listi ya tano, tatu ni watoto wake.

Vita vya pili vya dunia viliifanya kichekesho. Wajerumani waliteka kiwanda mwaka wa 1940 wakaendelea kuitengeneza. Mipango ikatoroshwa hadi Canada, kampuni ya Inglis ikaitengeneza huko kwa upande wa pili. Bastola moja, maadui wawili. Baada ya vita Uingereza ikaichukua hadi 2013, na nchi nyingi zilizokuwa chini yake, Kenya ikiwemo, zikaitumia pia.

Iko na makosa yake. Sefti ya zile za zamani ni kadogo hadi kidole kinakatafuta. Nyundo huuma ngozi ya mkono. Na triga yake ni mbovu, imekazana na inakwaruza.

Sasa sikiza kwa nini triga ni mbovu, juu hapo ndipo tulipochagua.

Kale kachuma ambako wapiga risasi wanakachukia

Jeshi la Ufaransa ndilo lililoagiza bastola mpya baada ya vita vya kwanza vya dunia, na likataka iwe na kitu fulani: ukitoa magazini, triga ikatike, isifanye kazi. FN wakaweka kachuma kadogo kanakogusana na magazini. Magazini ikitoka, hata kama risasi iko chemba, ukivuta triga hakuna kitu. Kako hapo ndani kanakwaruzana, na ndiyo maana triga inakosa utamu. Wafaransa wenyewe mwishowe hata hawakuinunua! Wapenzi wa bastola duniani wamekuwa wakikatoa hako kachuma miaka yote. FN walipoleta toleo jipya mwaka wa 2022, wakakatoa pia.

Sisi tunasema hako kachuma ndiko kanaipa namba moja.

Fikiria vile ajali hutokea. Mtu anatoa bastola, anataka kuonyesha mabeste, ama anaisafisha. Anatoa magazini, anaiweka mezani. Kichwani mwake bastola sasa ni tupu. Anasahau ile risasi moja imebaki chemba, ile slaidi iliibeba mapema. Anavuta triga akicheka. Tokarev itapiga. Beretta itapiga. Makarov, kama sefti imeshushwa, itapiga. CZ 75 ya kawaida itapiga. Hi-Power ya kitambo, kama hakuna fundi aliyeichezea, itanyamaza.

Hiyo sentensi ya "nilidhani haina kitu" imezika watu wengi. Kwa hivyo kati ya tano, tumependa ile ambayo mtengenezaji alikubali triga iharibike ili mtu aliyesahau apate nafasi ya pili.

Lakini tusidanganyane. Kachuma huvunjika, na mafundi hukatoa bila kukuambia. Wenye leseni na maafisa wanafunzwa hivi: kila bastola ina risasi hadi uhakikishe. Elekeza mtutu mahali salama, kidole mbali na triga, toa magazini kwanza, kisha vuta slaidi nyuma, halafu angalia chemba kwa macho yako. Kutoa magazini peke yake si kumaliza risasi. Ukisahau mengine yote tuliyosema hapa, hiyo moja ibaki.

Kwa nini hii si mchezo North Eastern

Mji uliopoteza watu 148 pale chuo kikuu tarehe 2 Aprili 2015 hauhitaji kuelezwa bunduki hufanya nini. Lakini kuna kitu kingine wazee wanakijua ambacho vijana wa siku hizi hawajakiishi. Huku, chuma kimoja kilichofichwa hakijawahi kuwa siri ya mtu mmoja.

Hali ya hatari iliwekwa North Eastern mwishoni mwa 1963, wakati wa vita vya Shifta, na haikuondolewa hadi 1991. Miaka hiyo yote silaha ya mtu mmoja ililipwa na kijiji. Februari 1984 huko Wajir, operesheni ya kunyang'anya silaha iliishia uwanja wa ndege wa Wagalla. Serikali ilisema waliokufa ni 57. Tume ya TJRC, kwenye ripoti yake ya 2013, ilisema walikaribia 1,000.

Hata kwa mila, ni vivyo hivyo. Kwa Wasomali, fidia ya mwanamume aliyeuawa ni ngamia 100, na hailipwi na aliyevuta triga peke yake. Ukoo mzima unachanga. Hata ikiwa ni ajali. Ule utani wa "haina kitu" unaweza kumaliza mifugo ya adeer wako ambaye hata hajui una bastola. Ndiyo maana mwaka wa 2001 wazee na viongozi wa Garissa, Wajir, Isiolo na majirani walipokaa Modogashe kuandika makubaliano yao, silaha haramu zilikuwa mle ndani pamoja na malisho, maji na wizi wa mifugo. Kwao ni kesi moja.

Ukiikuta je?

Labda ni sanduku la marehemu babu. Labda ni mchanga wa laga umefukuliwa na mvua. Usiiguse, usiipige selfi, usimwite mtoto akuletee. Weka watu mbali, mwite chifu ama polisi kupitia 999 ama 112, na uende na mzee anayeheshimika kama unaogopa kwenda peke yako. Bila cheti kutoka kwa Bodi ya Leseni za Silaha, kuwa nayo ni kosa chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, hata kama ni kumbukumbu ya familia. Serikali ikizikusanya huziharibu. Novemba 2016 zaidi ya silaha 5,000 zilichomwa moto pale Ngong.

Kwa hivyo next time ukisikia "bastola aina ya Ceska" kwa news, utajua uulize: gani sasa? Na kama kuna msee kwa base yenu anatoa magazini, anacheka, anasema "relax, haina kitu", wewe usibishane naye kama ni Makarov ama Browning.

Toka hapo kwanza. Mtaongea mkiwa nje.